Kuandika ukiwa mwisho wa reli

Kijana wa Kigoma akitangaza kwamba anataka kuwa mwandishi, ataambiwa aende Dar es Salaam. Sababu inaeleweka: wachapishaji wengi wako huko, na reli iliyofika hapa mwaka 1914 ukiifuata hadi upande wa pili itakushusha huko baada ya kilomita zaidi ya 1,200. Ila ushauri huo una kasoro. Dar kuna mitambo na ofisi za wahariri. Maneno ya kujaza kitabu chako yako hapahapa Kigoma: mwaloni Kibirizi, Gungu, Mwanga sokoni na kwenye mabaraza ya Ujiji. Ukiondoka hujayakusanya, utafika mjini uanze kuandika kuhusu foleni za Ubungo, na wa kuandika hizo wapo tele.

Haya tunayoyasema ni yale tunayoyajua sisi tunaoandikia huku, mengine kwa kuyafanya, mengine kwa kuyaona yakimharibikia mtu.

Tuanze na mwezi. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku wa giza. Vyombo hutoka jioni, taa huwashwa huko majini, dagaa hufuata mwanga, wavu huinuliwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni taa za betri na sola, lakini kanuni ni ileile: mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu. Siku hizo za mbalamwezi wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, kuziba mitumbwi na kupiga soga. Hizo ndizo siku zako. Ukienda Kibirizi alfajiri ya mwezi giza utakuta soko limechangamka, lakini hutapata mtu wa kukujibu. Kila mmoja ana beseni kichwani na bei mdomoni, na wewe uliyesimama na daftari uko njiani. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, waliokuwa na akili ya kuandika walipata miezi mitatu ya mazungumzo.

Daftari lenyewe lisiwe kubwa. Kaunta buku ni la nyumbani. Ufukweni beba kijidaftari kinachoingia mfukoni, na penseli, kwa sababu wino ukipigwa na maji unayeyuka wote na kazi ya siku nzima inakuwa doa la bluu. Tena usiandike mbele ya mama anayeuza. Ukiinamia karatasi huku unatazama beseni lake atajua wewe ni mtu wa ushuru, na maneno yote matamu yatakatika hapohapo. Sikiliza, msalimie, nunua fungu moja, ondoka hatua kadhaa ndipo uandike.

Cha kuandika ni sentensi nzima. Hapa ndipo wengi wanapopoteza. Anarudi nyumbani na orodha ya maneno kama ya mtihani, bila aliyeyasema wala alichokuwa akifanya, na baada ya mwezi mmoja hajui lile neno lilitumika kwa hasira au kwa utani. Andika ilivyosemwa, nani kasema (mvuvi, mchuuzi, mtoto wa kubeba maji), mkono wake ulikuwa unafanya nini, wapi, tarehe. Ukurasa wa kulia uache mtupu. Utakuja kuujaza siku nyingine, utakaposikia sentensi ileile kwa mtu wa kazi nyingine.

Mazoezi mazuri ya kuanzia ni kumtazama anayeanika dagaa na kuandika sentensi kumi zisizokuwa na neno "mzuri" wala "sana". Wapo wanaomwaga mchangani na wapo wanaotandaza juu ya chanja, meza za miti zilizowambwa waya au wavu. Dagaa wa chanjani hupata hewa juu na chini, hukauka upesi na hutoka safi. Wa mchangani ni rahisi kuanika, haihitaji mbao wala misumari, lakini wanashika mchanga na mnunuzi anajua. Atachukua mmoja, atamtafuna, akisikia kwaruzo kwenye jino bei inashuka hapohapo. Mvua ikiwakuta hawajakauka, rangi ile ya fedha inapotea, wanavunjika vichwa, na wengine wataishia kuwa chakula cha kuku. Ona tulivyokwisha kupata hadithi: mtu mwenye chanja, jirani asiye nayo, na wingu linalokuja kutoka upande wa Kongo. Hakuna aliyehitaji kubuni chochote.

Mawese nayo yana mpangilio wake, na mwandishi asiyeujua huonekana tangu sentensi ya kwanza. Mkungu wa mchikichi ukishakatwa hauchambuliwi siku hiyohiyo. Huachwa siku chache ili ngazi, yaani chikichi zenyewe, zilegee, kisha zinapukuchuliwa, zinachemshwa kwenye pipa mpaka ziive, zinapondwa au kupitishwa kwenye mashine, mafuta yanakamuliwa, halafu yanachemshwa tena ili maji yatoke na mafuta yaenguliwe juu. Mbegu inayobaki hupasuliwa kupata mise, kiini chake, nayo ina mafuta yake, ya rangi nyingine na kazi nyingine, hasa sabuni. Hadithi tunazosoma za wahusika "waliokuwa wakichuma mawese mtini" zimeandikwa na watu wanaoyajua mawese kwenye chupa tu.

Kuhusu lugha za hapa. Kiswahili cha Kigoma kina majirani: Kiha upande wa bara, na ng'ambo ya ziwa Kiswahili cha Kongo, cha wafanyabiashara wa vitenge wa Kalemie na Uvira, wasemao "batu" na "bintu" bila wasiwasi wowote. Mwandishi mchanga akimwingiza Mkongo kwenye hadithi hupenda kumfanya kila neno lake liwe hivyo, na mhusika anageuka kichekesho. Dokezo moja au mawili mwanzoni yanatosha. Msomaji akishaipata sauti, ataibeba mwenyewe hadi mwisho, nawe endelea na Kiswahili cha kawaida. Kiha vivyo hivyo. Salamu, jina la chombo, neno la kumkaripia mtoto, hayo yaache yalivyo. Sentensi nzima ya Kiha ambayo msomaji wa Lindi hataielewa iwepo pale tu ambapo mhusika mwenyewe naye haielewi.

Ujiji inahitaji subira ya aina nyingine. Kuna hadithi moja imewameza wengine wote: Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871. Ina makumbusho yake, ina miembe yake, na imeandikwa vya kutosha na wageni. Ushauri wetu ni kuipita. Nyuma yake kuna mitaa yenye watu ambao babu zao walifika na misafara, wakaoa, wakajenga, wakazika watu wao hapo, na habari zao ziko kwa wazee wanaozidi kupungua.

Kumwendea mzee kuna utaratibu. Wakati mzuri ni baada ya alasiri kabla ya magharibi, anapokuwa barazani. Asubuhi ana shughuli, adhuhuri amelala. Unatanguliwa na mtu anayemfahamu, mjukuu au jirani. Ukijipeleka mwenyewe utajibiwa kwa adabu na hutaambiwa kitu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Hapo unakaa. Siku ya kwanza ni ya kujulikana wewe mtoto wa nani, wa mtaa gani, na hiyo inaweza kumaliza jioni yote. Kilo ya sukari inapokelewa vizuri kuliko noti, kwa sababu noti inageuza maongezi kuwa malipo, na anayelipwa hujisikia ana deni la kukupa hadithi hata kama hana. Simu ya kurekodi itoe siku nyingine, na kwa ruhusa.

Usimwombe "akusimulie historia". Ukisema hivyo atakusimulia ile ya shuleni. Muulize vitu vya mikono: mlikuwa mnawashia nini taa, maji mlichota wapi, bibi harusi alivalishwa nyumba gani, chumvi ilitoka wapi na ilibebwa ndani ya nini. Jibu la swali kama hilo huja na watu ndani yake.

Miaka ndiyo inayosumbua. Mzee hatakwambia 1964. Atakwambia "maji yalipopanda". Kwa hiyo tengeneza kalenda ya matukio na uibandike nyuma ya daftari: uhuru 1961, ziwa kujaa sana 1964, wimbi la wakimbizi wa Burundi 1972, vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya sabini, vita ya Kagera 1978 hadi 1979, wakimbizi wa Burundi tena 1993, wa Kongo 1996. Meli ya Liemba nayo inasaidia kwa kumbukumbu walizorithi: iliundwa upya hapahapa Kigoma baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Mtu akikwambia mama yake alizaliwa meli ikiwa chini ya maji, unaupata mwaka ndani ya miaka minane. Halafu uliza swali lilelile kwa mzee wa pili. Wakitofautiana, andika wote wawili; usichague yule mwenye hadithi tamu.

Na hapa pana jambo la kuogopa. Mji wetu ni mdogo. Kubadilisha jina la mtu hakumfichi hata kidogo kama umemwachia mtumbwi wake, kwa sababu mitumbwi ina majina ubavuni na kila mtu anajua upi ni wa nani. Badilisha chombo, badilisha kazi, mhamishe kutoka Kibirizi umpeleke Katonga, mpunguzie au umwongezee watoto. Utani anaotaniwa mtu mtaani usiutumie kabisa. Ndoa zimeshavunjika kwa kidogo kuliko hicho.

Sasa kazi ya mezani, ambayo haina utamu wa kuitazama lakini ndiyo inayotenganisha wanaoandika na wanaotaka kuandika.

Wengi tunachapa kwenye simu kwanza. Zima kirekebishaji cha maneno cha simu, la sivyo kitageuza Kiswahili chako kuwa Kiingereza kisichoeleweka, nawe usitambue mpaka mtu akucheke. Kila jioni jitumie ulichoandika kwa barua pepe yako mwenyewe. Flashi ya kuzungushwa kwenye maduka ya steshenari hubeba virusi, na imeshameza miswada ya watu wengi hapa mjini. Ukimpa mchapaji wa dukani akupigie kutoka kwenye mwandiko, kaa ukijua atakosea wapi: l na r, h inayodondoka au kuzaliwa pasipotakiwa, th na s. Kompyuta haitakushtua, kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. "Mahali" ikawa "mahari", "kula" ikawa "kura", "thamani" ikawa "samani", na ukurasa mzima unasema kitu kingine. "Kwa sababu", "kwa hiyo" na "kwa ajili" huandikwa mbalimbali, ingawa simu zimetuzoesha kuziunganisha.

Kusahihisha kwa macho yako mwenyewe hakutoshi. Macho yanasoma ulichokusudia. Tafuta watu wanne au watano, mkutane siku moja ya wiki, maktaba ya mkoa au chini ya mwembe wowote, na kazi yako isomwe kwa sauti na mtu mwingine. Wewe shika nakala yako na penseli, nyamaza, weka alama kila anapojikwaa. Anapojikwaa pana kosa, hata kama hakuna anayeweza kulitaja. Sheria ya kikundi iwe kwamba mwenye kazi haruhusiwi kueleza alimaanisha nini. Kikundi kinachoruhusu maelezo huvunjika kwa ugomvi, na kinachosifu tu huvunjika kwa uchovu.

Ushairi unataka sikio na hesabu. Shairi la tarbia lina mistari minne kwa ubeti, mizani (silabi) kumi na sita kwa mstari, nane kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho. Wanaokosea mizani mara nyingi hukosea kwenye m na n. "Mchanga" ni tatu: m, cha, nga. "Mbegu" ni mbili tu, kwa sababu m yake imeshikana na b. "Mbu" nayo ni mbili, maana katika neno fupi namna ile m inasimama peke yake. Vivyo hivyo "nchi" na "nta". "Kwa" ni moja, "juu" ni mbili. Chukua mstari huu:

Dagaa wameanikwa, kwenye chanja za waya

Unasomeka, unaeleweka, na umevunjika. Kipande cha kwanza kina nane. Cha pili kina saba. Ukiuimba utasikia unateleza mwishoni. Tengeneza:

Dagaa wameanikwa, juu ya chanja za waya,
Mchanga haujapakwa, mnunuzi hatagwaya

Sasa nane kwa nane, na vina ni kwa na ya. Usihesabu kwa vidole peke yake. Piga kofi kila mizani, kisha uimbe ubeti mzima kwa mahadhi unayoyajua. Kinachoteleza kwenye kuimba kimekosewa, hata kama hesabu inakubali. Na usilete neno la kale usilolijua kwa ajili ya kina tu. Wazee wa Ujiji watakuuliza maana yake hadharani.

Fedha za mwanzo hazitatoka kwenye riwaya. Zitatoka kwenye risala, barua za maombi, wasifu wa marehemu, maneno ya kadi. Si kazi ya kudharau, maana risala inakufundisha urefu kuliko mwalimu yeyote. Msomaji wa kawaida akiwa na kipaza sauti husoma maneno mia moja hivi kwa dakika. Ukumbi unavumilia dakika nne. Kwa hiyo una maneno mia nne, basi. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14, acha nafasi kati ya mistari, na usiruhusu sentensi ikatwe katikati na mwisho wa ukurasa, kwani hapo ndipo msomaji anapogeuza karatasi akapotea. Kwenye risala ya harusi mgeni rasmi atangulie, kisha wazazi wa pande zote mbili kwa mpangilio ulioupata kutoka kwa familia yenyewe. Majina andikiwa na mhusika kwa mkono wake. Utani kuhusu wakwe usiuweke, hata ukiombwa.

Ukifika kwenye kitabu, anza na hesabu. Ukurasa wa A5 wenye herufi za kawaida hubeba maneno 250 hadi 300. Mswada wa maneno 20,000, ukikadiria 270 kwa ukurasa, utachukua kurasa 75 hivi. Ongeza jina, hakimiliki na yaliyomo, unafika 80. Namba hiyo inafaa, kwani vitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16 na 80 inagawanyika. Ukiishia 83 utalipia kurasa tupu. Kitabu chembamba cha mashairi kinaweza kubanwa pini katikati, kurasa zake zikiwa mafungu ya nne; kikinenepa, pini haishiki, nenda kwenye gundi. Mwambie mchapaji nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Akizipuuza, masika yakifika jalada linajikunja na kurasa zinapinda. Unaweza kupima mwenyewe: chana karatasi, upande inakochanika kwa unyoofu ndiko nyuzi zinakoelekea. Agiza nakala moja ya majaribio, ifungue katikati hadi chini mara kadhaa. Gundi mbovu itajisema.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ina tarakimu 13, na nyingi za Tanzania utaziona zimeanza na 978 kisha 9976 au 9987. Toleo jipya lililobadilishwa linataka namba yake, kurudia kuchapa lilelile hakutaki. Hakimiliki yako inaanza pale kazi inapoandikwa, na kwa sheria ya mwaka 1999 hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Wazo uliloliropoka kijiweni halilindwi na mtu. Wenye riwaya au diwani waifuatilie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuchapisha chochote mwenyewe, kwani mashindano mengi hayapokei kilichokwisha kutoka.

Nakala mia zinatosha kwa mara ya kwanza. Zikija kwa treni au basi, maboksi yafungwe kwa nailoni ndani, si nje peke yake. Mwenye duka la vitabu au steshenari hatanunua taslimu. Atachukua mali kauli, akulipe zikishauzwa. Mwachie tano, si ishirini, kwani ishirini zinakaa kwenye kabati na tano zinakaa juu ya kaunta. Andikeni kwenye daftari lako: idadi, bei, fungu lake, tarehe ya kurudi, naye atie sahihi. Rudi siku hiyohiyo mliyopatana, hata kama unajua hakuna kilichouzwa. Asipokuona miezi mitatu, kitabu chako kitakuwa kimewekewa kalamu na gundi juu yake.